Chumvi ya Ng'ombe Tuliyoigeuza Chuma

Nilikuwa mhunzi karibu na Garsen, nikifua majembe ya wakulima wa mtoni. Siku moja Mzungu msafiri alifika na mitungi ya kioo, akaniomba tanuri langu. Alisema mitungi ile ina umeme. Nilitega sikio, sikusikia ngurumo, nikamkubalia.

Alitaka chumvi, akaahidi kunionyesha chuma kilichomo ndani yake. Mhunzi gani angekataa? Rafiki yangu mfugaji alikuwa ameweka kwangu kifurushi cha chumvi ya kulambisha ng'ombe wake. Nikakitoa.

Mzungu aliimimina katika chungu cha chuma juu ya tanuri, akachomeka humo fimbo mbili, moja ya chuma, moja ya mkaa mgumu, akaziunganisha na mitungi kwa nyaya. Hakuna kilichotokea.

"Ikiwa kavu haipitishi umeme," alisema. "Lazima iyeyuke."

Mimi na mke wangu tukavukuta moto kwa zamu mpaka chungu kikawa chekundu na chumvi ikawa maji. Hapo fimbo ya mkaa ikaanza kutoa mapovu, na hewa kali ikatukaba koo. Tulitoka nje tukilia machozi. Mzungu naye alikohoa, lakini kwa furaha.

"Hiyo ni nusu ya chumvi," alisema.

"Na ndiyo tunayokula?" mke wangu akauliza.

"Nusu zote mbili zikiwa pamoja, hazidhuru."

Nusu ya pili ilijikusanya kwenye fimbo ya chuma, chini ya kifuniko kidogo alichoiwekea. Alipata punje moja, kama choroko, akaitia katika chupa ya mafuta ya taa. Ilipopoa aliichopoa, akaichanja kwa kisu kama samli iliyoganda, akairudisha mafutani. Mimi niliyezoea kuhangaika na nyundo niliona aibu kuiita chuma.

Alasiri mfugaji akaja. "Fundi, chumvi yangu?"

Nikamwonyesha chupa. "Nusu hii hapa. Nyingine imepaa."

Akauliza, "Ng'ombe walambe ipi?"

Ili kumfurahisha, Mzungu aliidondosha punje katika bakuli la maji. Ikakimbia huku na huku ikichachatika, ikawaka, ikaisha.

"Sasa na hiyo imekwenda," mfugaji akasema kwa upole.

Mzungu aliandika katika daftari lake kwamba mambo yamefaulu, akatushika mikono, akaondoka. Mimi nilitembea mpaka Kipini, pwani, kutafuta chumvi nyingine. Niliporudi, rafiki yangu aliifungua palepale mbele yangu, akaionja, akatafakari, ndipo akaipokea.