Nilimpa Neno Ambalo Hakuliomba

Nimemharibia mtu kazi ya maisha yake, na mtu huyo mpaka leo ananishukuru. Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapoungua. Angenitukana, ningepata usingizi.

Jina langu sitalitaja. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, kifungua mimba, ninaishi Alief hapa Houston. Wazazi wetu walifariki mmoja baada ya mwingine nikiwa darasa la saba. Nikaacha shule nikalea wadogo zangu, na wallahi nimewalea! Daktari akimuuliza mtoto anaumwa wapi, nimeshajibu mimi. Mwalimu akimuuliza kwa nini amechelewa, nimeshajibu mimi. Mdogo wangu Swaleh, niliyemleta huku akiwa kijana mkubwa, bado hulalamika: "Dada, hebu niache nimalize kusema mwenyewe!" Tunacheka. Mimi nilidhani ni mapenzi tu.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Ndivyo nilivyokutana na mama mmoja wa Kiingereza, mjane, nitamwita Bi Nora. Alikuwa mwigizaji.

Alianza kwao kaskazini mwa Uingereza akiwa msichana wa kupiga pasi nguo za waigizaji, hadi siku moja mwigizaji akaugua, naye akavishwa gauni alilolipiga pasi mwenyewe. Kuanzia hapo akazunguka na kikundi mji hadi mji. Kila wiki mchezo mpya: mchana wanajifunza wa wiki ijayo, jioni wanacheza wa wiki hii. Baadaye akaingia kwenye filamu.

"Nimewafungulia mlango mabwana wote wa Uingereza," aliniambia. "Kila filamu ilitaka mjakazi, na Mungu alinipa uso wa mjakazi."

Kisha mumewe akapata kazi ya mafuta huku Texas, wakahama. Mume akafa. Yeye akabaki na joto hili ambalo hakulizoea kamwe. Chai yangu ya tangawizi aliinywa huku amekunja uso: "Wewe unapika chai kama mtu anayelipiza kisasi." Lakini kikombe kilirudi kitupu kila siku. Nilimpenda yule mama, jamani!

Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni. Kikundi kimoja cha maigizo hapa mjini kikamwomba acheze mama mzee ambaye mwanawe anarudi nyumbani baada ya kupotea miaka mingi. Alikubali kwa sharti moja: awe na mkumbushaji kama ilivyokuwa kwao, yaani mtu anayekaa pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia, na kitabu cha mchezo mkononi. Mwigizaji akikwama, anamnong'onezea neno.

Kijana Mmarekani aliyeongoza mchezo akasema, "Bi Nora, huku hatufanyi hivyo."

"Basi huku mnafanya vibaya," akajibu, akanielekeza kidole. "Nimempata wangu."

Mimi! Niliyeachia darasa la saba! Kiingereza nilikijua cha kazini, lakini alinisomesha ule mchezo mstari kwa mstari mezani kwake. Na akanipa sheria moja. "Nikitaka neno nitageuza kichwa upande wako. Nisipogeuza, hata paa lianguke, funga mdomo."

Katikati ya mazoezi akapata habari. Rafiki yake wa zamani, waliyezunguka naye na kikundi wakiwa vijana, sasa alikuwa anaongoza michezo katika ukumbi mkubwa London. Alikuwa anatafuta mwigizaji mzee wa kike, na angepitia Houston kumtazama. Bi Nora alizunguka jikoni kama msichana anayechumbiwa. "Safari hii," akasema, "nitaingia kwa mlango wa mbele."

Wiki hiyohiyo aliniita kwa jina la dada yake. Akaweka miwani kwenye friji. Nani asiyefanya hivyo akiwa na hofu? Lakini mimi niliyashika moyoni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana. Nimekaa kwenye kiti changu, kitabu mapajani. Sehemu ya mtoto kurudi ikafika. Mlango unafunguliwa, mtoto anaingia, mama anamwambia, "Umekonda." Kwenye mazoezi alikuwa akilisema mara tu anapomwona.

Siku hiyo hakulisema. Alimtazama tu. Mkono wake ukanyanyuka kidogo, ukasimama hewani. Ukumbi mzima kimya, hakuna hata wa kukohoa. Hakugeuza kichwa. Nilikuwa naona kisogo chake, wallahi hakikugeuka! Mimi nikakumbuka jina la dada yake, nikaona miwani kwenye friji, nikaona London inamponyoka.

"Umekonda!" nikasema. Wala sikunong'ona. Ilinitoka sauti ile ya kumwita mtoto aliye uani.

Mtu akacheka huko nyuma. Mkono wa Bi Nora ukashuka. Akageuka, akanitazama kama niliyempiga kofi. Kisha akamwambia yule mtoto, "Umekonda," kama mwanafunzi anayerudia baada ya mwalimu. Mchezo aliumaliza, lakini aliyeumaliza hakuwa yeye.

Chumbani kwa kuvalia nilikuwa nalia. Akanishika shavu. "Sikuwa nimepotea, mpenzi. Nilikuwa nimewashika wote, sikutaka kuwaachia upesi. Lakini nimeshaangukiwa na mapazia mazima maishani. Hujaua mtu."

Alinisamehe! Ungamo hili lingeishia hapo, lingekuwa kosa la mjinga tu.

Nikatoka ukumbini. Yule bwana wa London alikuwa amesimama kwenye ujia, kofia mkononi, macho mekundu. Akaniuliza taratibu, "Tafadhali niambie. Husahau mara nyingi?"

Jibu nilikuwa nalo, la moto, limetoka kinywani mwa mwenyewe dakika ileile. *Hakusahau. Kosa ni langu.* Hayo tu! Lakini aliniangalia kwa heshima, kama mtu aliyeokoa mzee. Na mimi nikaona aibu kuwa mpumbavu mbele ya mtu mkubwa kama yule.

"Siku hizi," nikasema, "wakati mwingine, ndiyo."

Akanishika mkono. "Ahsante kwa kumtunza."

Kwenye gari Swaleh, aliyekuja kutazama mchezo, akaanza: "Dada, mbona uli-panic? Yule mama hakusahau! Aliyekaa kando yangu alikuwa ameshaanza kulia!" Nikamwambia anyamaze, aangalie barabara.

Simu ya London ikaja siku chache baadaye. Nilikuwa jikoni kwa Bi Nora, napika wali. Nilimsikia akisema "Naelewa," na tena "Naelewa." Akaja akasimama mlangoni.

"Nafasi wamempa mwingine. Anasema umemwambia ukweli, nisikukasirikie." Akaketi polepole. "Kumbe nasahau hivyo? Na jukwaani pale nikajidanganya kwamba nimenyamaza kwa kupenda?"

Ndugu msomaji, hapo nilipewa nafasi ya pili! Mwiko mkononi, midomo wazi. Mimi niliyewajibia wadogo zangu maisha yote, nikageukia sufuria nikafunika wali.

"Ahsante kwa kunisitiri," akasema.

Kunisitiri! Ya Rabbi! Kwetu pwani, kumsitiri mtu mzima ni katika mema makubwa. Na mimi nilikuwa nimemvua nguo.

Alijitoa kwenye mchezo. Daktari alimpima akasema akili yake ni sawa na ya wazee wa umri wake. Hakumwamini. "Daktari hakuwepo," alisema. "Wewe ulikuwepo." Akaanza kusimama katikati ya maneno, maneno ya kawaida, sukari, dirisha, na kunigeuzia kichwa nimpe. Mtu aliyekuwa akibeba mchezo mzima kichwani kila wiki! Nami nampa. Nifanye nini?

Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee huko Katy, nje kidogo ya Houston. Ninakwenda kila Ijumaa baada ya sala. Njia nzima ninayapanga maneno ya kumwambia. Nikifika, uso unamng'aa, anawaambia wenzake, "Huyu ndiye kumbukumbu yangu." Namkatia matunda, naondoka. Na siku hizi anasahau kwelikweli. Sijui ni uzee, au ni mimi niliyempandia ugonjwa huu kwa sentensi moja. Hakuna wa kuniambia. Namuuliza Mungu, nakaa.

Hata Swaleh hajui nilichomjibu yule bwana. Atajua akisoma hapa.

Nyinyi mnaotunza wazee, nyinyi mliokuwa baba na mama kwa wadogo zenu, nawaomba. Mtu akinyamaza mbele yako, mwache anyamaze. Huenda ndipo alipo mzima kuliko popote. Na kama umemsemea mtu uongo, hata ule uliosukwa kwa ukweli kidogo, usisubiri upate ujasiri, maana hauji. Nenda leo ukiwa unatetemeka vivyo hivyo, kabla mwenyewe hajaanza kuuamini.