Ekseli ya Diski kwenye Landrova ya Bwana Salumu

Siku ya kwanza kazini, katika karakana ya wilaya Kibondo, nilifika nimevaa shati jeupe. Fundi Mkuu alinitazama, akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, bwana harusi," kisha akanipa ndoo ya petroli na drum nne za breki nizisugue. Drum ni lile bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna viatu viwili vyenye lainingi, na ukikanyaga pedeli vinatanuka kulibana. Miezi mitatu sikugusa kitu kingine. Shati lile hata mama alishindwa kulifua.

Fundi Mkuu alikuwa mkali na mchoyo wa maneno, ila alikuwa na sharti moja ambalo karakana nzima ililishika: aliyefunga breki za gari ndiye anayelipanda kwenye mteremko wa kwanza, likiwa na mzigo. "Uwanjani kila breki inashika," alisema. "Ukiogopa kupanda, basi kazi hujamaliza." Baadaye nilihamishiwa Kasulu, chini ya Mkuu wa Karakana aliyependa makaratasi kuliko spana, nikahudumia malori yaliyopeleka chakula kambi ya wakimbizi ya Mtabila hadi ikafungwa. Kote huko nilipanda. Nilistaafu sijawahi kumuumiza mtu, na ninyi vijana mjue kwamba sifa ile ilinilevya.

Nilikuwa nimeshastaafu Bwana Salumu, mwenye duka la vitambaa hapa Kasulu, aliponiletea Landrova ya marehemu baba yake. Alikuwa akiitumia kubebea maharage kutoka Heru Juu, kule milimani, lakini breki za nyuma zilikuwa hoi: mvua ikinyesha, drum zinajaa matope na gari linakwenda litakako. Tukapata ekseli ya nyuma ya gari la miaka ya karibuni, yenye diski. Diski ni sahani ya chuma inayobanwa na pedi mbili. Iko wazi, hivyo hukauka upesi. Nilikata vikalio vya springi vya ekseli ile nikavichomelea upya kwa kipimo cha chasisi, nikafupisha propela inayozungusha ekseli, nikavuta paipu mpya za breki, nikatoa upepo kwenye mafuta yake hadi pedeli ikawa ngumu. Ilikuwa kazi ya wiki tatu, na nilijiona fundi wa mafundi.

Masta silinda niliiacha ileile. Hiyo ndiyo pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni, na ile ya drum ina vali ndogo inayobakiza mgandamizo kwenye paipu hata ukiachia pedeli. Drum huuhitaji mgandamizo huo. Diski zikibakiziwa, pedi hazibanduki. Zinasugua njia nzima, zinapata moto, mafuta yanachemka, na pedeli inazama hadi sakafuni. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa drum. Vali ile sikuifikiria hata mara moja.

Mteremko mmoja ungetosha kunionyesha. Lakini siku Bwana Salumu anakwenda kuchukua mzigo, goti lilikuwa likiniuma, na breki nilikuwa nimezijaribu uwanjani mpaka nimechoka. Aliponifungulia mlango nipande, nilimwambia, "Nenda tu, bwana. Hizo nimefunga mimi."

Wakati wa kushuka, breki zilimwisha. Walimtoa korongoni chini ya magunia ya maharage. Alilazwa hospitali ya Kabanga, akakatwa mguu wa kulia.

Siku hizi sifungi hata breki ya baiskeli. Vijana wananiletea magari nawarudisha, nao wanadhani ni maringo ya uzee. Wastaafu wenzangu husema wanapumzika. Mimi sijui wanapumzikaje.

Nilichelewa wiki nzima kwenda kumwona Bwana Salumu hospitalini. Mjini walisema alikuwa akikimbiza gari, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia hivyo. Nilikaa kando ya kitanda nikamweleza habari ya vali, yote, bila kujitetea. Nilitaka anitukane, nirudi nyumbani na matusi yangu.

"Fundi, harufu ya kuungua niliisikia tangu kule juu kabisa," akasema. "Angekuwa fundi mwingine kafunga, ningesimama."