Nilivyowaagizia Wanaume wa Chiungutwa Uraka

Nichekeni tu, nimestahili. Serikali iliporuhusu watu binafsi kuuza dawa, nami nilifungua kiduka Masasi, nikaagiza vidonge vya kulinda ubongo. Havikununuliwa. Basi juzi nikavipeleka gulioni Chiungutwa, nimevaa koti jeupe la kuazima.

Nikapasua bibo, lile tunda la mkorosho, likaanza kugeuka rangi mbele ya watu.

"Hewa tunayovuta huuchakaza ubongo hivi hivi!" nikanguruma. "Mwilini tuna vimeng'enya vya kuzuia uharibifu huo, ila uzeeni huchoka. Vinahitaji msaada."

"Daktari, msaada huo unapatikana wapi?" akauliza mzee mmoja.

Sikuukana udaktari. "Kwenye matunda, mfano bibo hili..."

Kabla sijafika kwenye vidonge, wanaume wote walishatawanyika. Nikajidanganya kwamba wamekwenda kuchukua pesa.

Jua lilipopinduka wakaja wanawake, wamefura. Mbele yao alikuwa mama mkwe wangu, Mama Zuhura. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo, mama."

Akanipita, akawageukia watu. "Wanaume wetu wote wako kilabuni wanalewa uraka wa mabibo. Wanasema wanatibu ubongo, daktari kaagiza. Yuko wapi huyo daktari?"

Gulio zima likaninyooshea vidole.

"Huyu?" akapiga kelele. "Huyu ni mume wa Zuhura! Mwaka jana alikuwa anauza mafuta ya taa!"

Nyuma yake baba mkwe akatokea akipepesuka, kata ya uraka mkononi.

"Mwacheni mkwe wangu," akasema. "Dawa yake imeshanifika kichwani."