Kamba Yangu Imemponza Mwalimu Mwenzangu

Mhariri, jina langu lifiche, maana Njombe ni ndogo na kipara changu kinajulikana. Nina miaka arobaini na saba, mke na watoto sita, na kazi yangu ni kufundisha walimu wa hesabu wa shule za kati. Mke wangu husema nafundisha watu wazima kwa kuwa watoto wangenicheka.

Mwaka huu nimewafundisha walimu jambo jipya: badala ya kuwapa wanafunzi hesabu thelathini za karatasini, wawape kazi ya kweli. Wapime, wakokotoe, wajenge, na mwalimu apange mapema alama za kila hatua. Nilisisitiza hata alama tano kwa anayekiri mwenyewe alipokosea. Aliyetunga mtihani bora ni kijana wa Mlangali, nitamwita Lusungu: darasa lake, shuleni karibu na Makambako, lijenge ghala la mahindi. Kwa furaha nikamzawadia kamba yangu ya katani ya kupimia, yenye fundo kila futi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kamba ilikuwa mpya na ngumu, nikailoweka ilainike, nikaifunga mafundo ikiwa imelowa. Kila mama anayeanika nguo anajua katani ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea ikarefuka. Mimi, mwalimu wa walimu, sikukumbuka.

Bwana Mkaguzi wa shule, Mzungu, alipofika nami nikiwapo, kuta zilikuwa zimesimama, na boriti zimeletwa kutoka kwa wapasua mbao, zimekatwa kwa rula yao sawasawa na hesabu za wanafunzi. Zikapandishwa. Zilikuwa fupi: ukizisogeza ukuta huu, zinaachia ule.

"Nani alipima?"

"Darasa langu, Bwana. Mwenye kosa ni mimi," Lusungu akajibu.

"Kwa kipimo gani?"

Nikamwona akiisukuma kamba ndani ya koti lake. "Kwa kamba, Bwana. Sikuihakiki."

Mkaguzi akanigeukia. "Huyu ulimfundisha wewe. Anafaa shule ya kati, au arudishwe kufundisha darasa la kwanza? Nataka maandishi yako."

Nikatazama viatu vyangu, kana kwamba jibu limo humo. "Nitachunguza, Bwana."

Njiani Lusungu akanirudishia kamba. "Chukua, Mzee. Juzi niliilinganisha na rula, kuta zimekwisha kupanda na boriti zimekwisha kukatwa. Futi yako imenenepa kama mwenyewe." Akacheka.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje mbele ya Mzungu kwamba mwalimu wangu hajui kamba? Nikishushwa mimi, ni mtu mmoja. Ukianguka wewe, wenzetu wote watarudishwa kwenye karatasi, na watasema mitihani ya kazi ni michezo ya watoto."

Mkaguzi anarudi mwisho wa mwezi. Nimeanza barua mara nne, nikaichana mara nne. Nikiandika ukweli, huenda nikaizika kazi niliyoihangaikia pamoja na walimu wangu. Nikinyamaza, kijana hodari kuliko mimi ataadhibiwa kwa heshima aliyonipa. Kamba iko hapa mezani, imekauka vizuri, inanitazama.

Wasomaji wenzangu, msinionee haya kwa ajili ya kipara. Nifanye nini? Zile alama tano nilizitunga mimi, na hadi leo nina sufuri.