Siku Walipowasha Mitambo Yote

Ukimsikiliza muuza chai wa langoni, kiwanda cha mablanketi kimenyimwa msaada wa serikali kwa sababu ya usafi. "Wakubwa walikuja wakatafuta hata utando wa buibui wauonee huruma," anadai. "Hawakuuona. Wakanywa chai yangu, wakaondoka."

Saa moja asubuhi, ndani ya kiwanda hicho, mfumaji anayeitwa Bibi Nyuzi anafungua ukumbi. Mitambo imefunikwa magunia. Anaufunua wa kwake na kuufuta vumbi, ingawa leo haufanyi kazi.

"Yule mtu wa chai hutia chumvi," anasema. "Lakini hapo hajakosea."

Uchumi ulipoanguka, serikali ilitangaza kwamba fedha haziwezi kuokoa kila kiwanda. Tume ingepita kuchagua cha kuinuliwa. Hapa, meneja alikuwa ameshasema: bila msaada, mwisho wa mwezi ni kufuli.

Bibi Nyuzi amefuma kwa miaka ishirini na miwili. Mshahara wake sasa ni nusu, na binti yake amerudi kutoka chuo cha uuguzi kwa kukosa ada.

"Mgeni akija unafagia," anasema. "Nani hukaribisha watu kwenye uchafu?"

Tume ilipotaja siku ya kuja, wafanyakazi wakapiga deki. Wakapaka mafuta. Uzi wa mwisho, uliowekwa kwa ajili ya oda ya hospitali, wakaugawa kwenye mitambo yote, ikanguruma pamoja kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Kiongozi wa tume akashika blanketi, akatabasamu. "Hali ikoje, mama?"

"Nzuri, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Anaacha kufuta. "Ningejibuje? Mtu akikujulia hali, unasema nzuri hata ukiwa kitandani huwezi kugeuka."

Wiki mbili baadaye redio ikatangaza kwamba msaada umekwenda kwenye kiwanda cha sabuni.

"Wenzetu waliacha ndoo chini ya paa linalovuja," anasema shoga yake wa mtambo wa pili, akicheka bila furaha. "Sisi tukaweka maua mezani. Maua!"

"Nyamaza, wewe ndiye uliyeyachuma."

"Uliniambia nichume ya rangi!"

Bibi Nyuzi hawaonei kijicho watu wa sabuni. "Nao wana watoto. Sisemi wanyang'anywe. Nasema na sisi tuonwe tulivyo."

Hospitali bado inadai mablanketi yake, na uzi ndio huo umekwisha.

Saa nne, meneja anamwazima simu ya ofisi apigie tume. Bibi Nyuzi anasimama wima kana kwamba anaonekana.

"Shikamoo, baba. Mimi ni wa kiwanda cha mablanketi. Siku ile tulikuwa tumejipamba. Naomba mrudi. Safari hii msituambie siku."

Sauti ya upande wa pili inamwambia asubiri.

Anasubiri, simu sikioni. Mkono wake mwingine umeshaokota kitambaa, unafuta meza ya meneja.