Mama aliwaambia naolewa ili nipate gauni la dansi

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza matriki mwaka jana hapa Johannesburg. Naishi na mama yangu Joubert Park, fleti ya chumba kimoja. Admin, jina langu lifiche; mtaa unaweza kuuacha, tuko wengi. Mama ni Mtanzania wa Morogoro, zamani alikuwa mwalimu, sasa anasuka nywele. Baba alikuwa mtu wa Soweto. Alikimbilia Morogoro enzi za ubaguzi, akamwoa mama huko, wakarudi wote huku. Alifariki nikiwa darasa la tano. Mimi si mwongeaji, na haya sijamwambia mtu yeyote.

Huku mwaka wa mwisho wa sekondari kuna dansi ya matriki. Msichana anavaa gauni refu, kijana mwenye suti anakuja kumchukua nyumbani, majirani wanatoka kutazama. Tulienda Randburg madukani, mama akageuza kikaratasi cha bei, akakiachia taratibu. Tukaenda kwenye maduka ya rahisi ya Wahabeshi mjini, huko nako tukashindwa. Nikamwambia, "Mama, basi, nisiende." Akasema, "Baba yako angekuwepo ungeenda. Utakwenda."

Mama yumo kwenye chama cha kinamama wa Kitanzania. Wanachangiana harusi na misiba, na mwenzao akifa wanausafirisha mwili nyumbani. Jumapili moja aliomba wamsaidie gauni langu. Nilikuwepo, nagawa chai. Mwenyekiti wao, Mama Rehema, akacheka: "Mchango wa dansi? Shoga, sisi tunachangia anayeolewa na aliyekufa. Mwanao yuko fungu lipi?" Wote wakacheka. Mama naye akacheka, na mimi nikataka ardhi inimeze.

Baada ya wiki tatu gauni likaja. La rangi ya dhahabu, shanga kifua kizima, na mkia wa kuburuta. Mimi nilikuwa nataka la buluu tu, la kawaida. Mama alisema chama kimebadili mawazo na kinamama ndio waliochagua rangi. Sikuuliza zaidi.

Siku ya dansi walikuja sita kunivalisha. Mama Rehema alinipa doti mbili za kanga, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, ukifika kwa watu, mama mkwe akisema, wewe kaa kimya. Na mumeo usimhesabie makosa." Nilidhani ananitania. Nikamtazama mama, akanibana mkono. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aliwaambia naolewa, ndoa itafungwa kwao kijana, na kwamba hii kwao ilikuwa sendofu yangu, ya kumuaga bibi harusi. Ningeweza kusema. Lakini gauni lilikuwa tayari mwilini, na kwenye kioo nilikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kuwa. Nikakaa kimya. Hilo ndilo kosa langu, silikatai.

Aliyekuja kunichukua ni kaka wa rafiki yangu Palesa. Alikubali kunisindikiza kwa kunionea huruma tu, maana sikuwa na mtu. Kufungua mlango, vigelegele! "Bwana harusi mwenyewe huyo! Mbona mwembamba? Mlishe, binti!" Hajui neno hata moja la Kiswahili. Akatabasamu, akawa anaitikia, "Sharp, mama, sharp," yaani sawa, mama, sawa. Wakatupiga picha tumesimama pamoja, mama akaziweka kwenye status: "Asante mwanangu, umeniheshimisha."

Sasa baba mkubwa, kaka yake baba, yuko Soweto. Yeye ndiye aliyeahidi kunilipia chuo cha uuguzi mwaka huu, na nafasi nimeshapata. Mwezi uliopita mwanachama mmoja anayeuza chapati karibu na kwake alimpa hongera na kumwonyesha picha. Baba mkubwa aliishi Morogoro miaka mingi, sendofu anaijua vizuri. Akanipigia simu: "Mimi ndiye baba yako aliyebaki. Lobola, mahari yako, hajaleta mtu kwangu, wazee hawajakaa, halafu habari za mwanangu napewa na muuza chapati? Aliyekuoa akusomeshe." Akakata.

Nilimwomba mama amweleze ukweli. Alilia, akasema, "Ukweli ukifika Soweto umefika kwenye chama. Watanitoa. Nikifa hapa, nani atanirudisha kwa mama yangu?" Kesho yake, bila kuniuliza, akampigia baba mkubwa na kumwambia kijana ameniacha. Akamwambia na Mama Rehema. Jumamosi kinamama wakaja na sufuria la pilau kunipa pole. "Wanaume wa huku ndivyo walivyo." Mmoja akanishika tumbo, eti, "Hajakuachia kitu?" Nilikula pilau la kuachwa na mwanamume ambaye hajawahi hata kunishika mkono bila kuambiwa na mpiga picha.

Mama alidhani yameisha. Lakini baba mkubwa amekasirika zaidi. Anasema kijana hawezi kumchezea mtoto wa marehemu akaenda zake. Lazima kwao walipe faini. Ameulizia kwa ile picha, na nyumba ya kina Palesa ameshaijua. Jumapili hii anakwenda na wazee wawili. Palesa ndiye rafiki pekee niliye naye, na kaka yake ametoka tu kupata kazi, ana mchumba wake wa kweli. Mama anasema, "Waache waende, kijana atakataa, yataishia hapo." Hayataishia hapo. Watamwita mwongo mbele ya wazazi wake, na mimi nitakuwa nimekaa kimya mara ya pili.

Nikimwambia baba mkubwa ukweli kabla ya Jumapili, huenda hata akanisamehe na nikaenda chuo. Lakini mama nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watu pekee alio nao katika nchi hii. Na yote aliyafanya kwa ajili yangu, nikiwa nayaona.

Ninyi wakubwa mnaosoma hapa, hasa mnaokaa ugenini, niambieni niende Soweto au nisiende. Simu nimeshaishika mara nne leo nimpigie baba mkubwa, nikaiweka. Semeni mnavyoona, hata mkinigombeza mimi sawa, ila naomba mama yangu msimtukane.