Kelele Iliyomsitiri Mama Adèle

Nimezunguka na kazi nyingi, Bengamisa, Isangi, mpaka Basoko, lakini mtu mwenye mikono kama ya Mama Adèle sijamwona mahali pengine. Alikuwa mpiga mashine ya kuandikia katika nyumba moja ya wanunuzi wa kahawa, hapo Kisangani, wakati ule wa Zaïre ambapo wote tulikuwa "citoyen" na "citoyenne", yaani wananchi. Kwenye karatasi za kazi aliandikwa jina la kwao, la watu wa mtoni, wa Yanonge. Sisi tulimwita Mama Adèle tu. Mimi nilikuwa planton pale, mtu wa kukaa mlangoni, kupeleka barua na kuchemsha chai.

Ofisi ile ilikuwa na desturi yake. Mkuu wetu, Papa Cyprien, hakuandika barua, alizisema. Alitembea nyuma ya kiti cha Mama Adèle, mikono mgongoni, kutoka dirishani mpaka kabatini na kurudi, akitoa maneno, na mama akiyapiga hapohapo. Papa Cyprien alisema akili yake iko katika miguu. Akikaa, maneno yanakauka.

Halafu ikaja kompyuta, kwa boti, kutoka Kinshasa. Mama Adèle aliizoea haraka, na kwa furaha akaifumia kitambaa cheupe cha kroshe, kirefu, chenye pindo la maua, kilichoshuka mpaka mezani. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Radio inavaa, televisheni inavaa, hata meza ya mbao mbovu inavaa siku ya wageni. Papa Cyprien mwenyewe alisifu.

Lakini mashine ile ilikuwa na kelele tangu kufika, na chini ya kitambaa kelele ikazidi. Mchana ndiyo ilikuwa taabu. Kisangani tulipikia umeme wa bwawa la Tshopo, na wanawake wa mji mzima walipowasha réchaud zao, majiko ya umeme, kwa pamoja, taa zilififia, na kompyuta ikaanza kunguruma kama mtu anayepanda kilima na gunia la mihogo. Siku nyingine kioo kilizimika ghafula, na barua ikapotea yote.

"Mama, narudia mara ngapi?" Papa Cyprien alilalamika.

"Ni machine, Papa Cyprien. Inameza maneno yako."

Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Kuna siku courant ya umeme ilikatika, ofisi ikanyamaza, nikamwita mama aje kunywa chai. Hakugeuka. Nikaita tena. Aligeuka tu pale kivuli changu kilipofika mezani. Sikumwambia mtu. Alikuwa mjane, watoto wake walikula na kusoma kwa vidole vile. Na kulikuwa na mademoiselle mmoja wa institut, shule ya sekondari, aliyepita mara kwa mara kuomba kazi ya mashine, na kila mara Papa Cyprien alimwambia, "Rudi tena, tutaona."

Mwishowe Papa Cyprien akachoka. "Pelekeni hii kitu kwa Feruzi."

Feruzi alikuwa mtu wa Kasongo, Mwislamu, fundi wa radio karibu na soko la Tshopo. Niliisukuma kompyuta kwa mkokoteni wa pousse-pousse, na Mama Adèle alitembea pembeni na mwavuli. Mwavuli uliifunika mashine. Yeye mwenyewe jua lilimpiga.

Feruzi alitoa kitambaa, akatazama nyuma ya mashine, akacheka.

"Mama! Umeivalisha shali mpaka puani? Hii matundu ndiyo inapumulia. Joto iko inarudi mulemule."

"Sasa, tonton, ningeiacha uchi mbele ya wageni?"

Mteja mmoja, Timothée, akadakia. "Radio yangu inavaa kitambaa tangu ndoa, na haijakufa!"

"Radio yako haina hata betri, Timothée. Itakufa na nini?" Feruzi akamjibu.

Tulicheka wote. Mama Adèle alicheka nyuma kidogo, baada ya kuona sisi tunacheka.

Feruzi akafungua mashine, akapuliza vumbi. Akatuonyesha kisanduku cha bati kinachogawa umeme ndani, ambacho mafundi wanakiita alimentation. "Muangalie. Kule Kinshasa waliongeza disque ya kuweka barua, inazunguka siku nzima, inakula courant. Lakini alimentation wakaacha ileile ndogo. Ni mutu ameoa bibi ya pili na chungu iko moja." Feni yake pia ilikuwa imekauka mafuta, ndiyo maana ililia hivyo.

Feruzi alikuwa na alimentation nyingine, kubwa, aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa. Feni yake, alisema, inazunguka taratibu. Akaenda nyuma kuitafuta, na akiwa kulekule akamwambia mama akae, kuna kigoda. Mama hakujibu. Feruzi akarudia. Hapo mashine ilikuwa imezimwa, na Timothée alikuwa ameshaondoka. Nikatazama chini.

Feruzi akarudi, akachuchumaa mbele ya mama, uso kwa uso.

"Mama, masikio tangu lini?"

"Masikio gani?" Akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Tangu mutoto wangu wa mwisho. Kidogo kidogo."

"Na kazini wanajua?"

"Wanajua machine iko na kelele."

Feruzi akavua kofia, akajikuna kichwa. "Bon. Naweza kuacha hii ya zamani vile iko, nikairudisha na kelele yake, nikasema sikupata ingine. Itasukuma kidogo, halafu itaungua, pengine pamoja na disque na barua zote. Ao naweka hii kubwa. Hii inanyamaza kabisa. Sema wewe."

Mama Adèle aliweka kiganja juu ya bati la kompyuta. Alikuwa na tabia hiyo, kugusa meza kujua kama mashine imewaka. Wakati mmoja aliniambia kwamba kwao ngoma ya habari inaingia kifuani kabla ya masikio.

"Weka kubwa," alisema. "Siwezi kuunguza barua za watu juu ya masikio yangu."

Njiani kurudi alishika mwavuli juu ya mashine kama mwanzo.

Asubuhi Papa Cyprien aliiwasha, akatega sikio, akapiga makofi. "Haya! Sasa hakuna kisingizio!" Akaweka mikono mgongoni, akaanza safari yake ya dirishani na barua yake.

Vidole vya Mama Adèle havikusogea. Niliona kiganja chake kikishuka mezani, kikikosa mtetemo wa zamani. Kisha akasimama, akavuta kiti cha wageni, akakiweka upande wa pili wa meza, kikitazamana na chake.

"Papa Cyprien, ukae hapa."

"Mimi? Nikae mbele yako kama mutoto wa katekisimu?"

"Nyuma sikusikii. Haikuwa machine peke yake. Nikiona mdomo wako, sipotezi neno. Ukitaka, uite ile mademoiselle. Lakini unijaribu kwanza."

Safari hii hapakuwa na kelele ya mashine ya kutusaidia. Papa Cyprien alitazama dirisha, akatazama kabati. Akakaa.

Alianza vibaya. Maneno yalimkwama, na miguu ilitembea peke yake chini ya meza. Mama alingoja, macho mdomoni pake. Sentensi moja ikatoka, vidole vikaifuata. Ikatoka nyingine.

"Polepole, patron," mama akasema. "Masharubu iko inaficha."

Nilikimbilia chai yangu ili nisicheke.

Mademoiselle wa institut alipopita tena, Papa Cyprien alimwambia nafasi hakuna. Kitambaa cheupe kilifuliwa, kikatandikwa kwenye mgongo wa kile kiti cha Papa Cyprien. Naye, Jumatatu moja, alikuja kazini amepunguza masharubu, na hakuna mtu aliyemuuliza kwa nini.